Uzito wa Kisima Namba Nne

Ofisini walimwita Desimali. Jina hilo alipewa na dereva wa kampuni, aliyemwuliza siku moja umbali wa kufika lango la mgodi, akajibiwa kilomita thelathini na saba nukta nne. "Dada, na hiyo nukta nne niiendeshe kwa gia gani?" dereva akauliza, na gari zima likaangua kicheko. Jina likamganda. Yeye hakulichukia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mtaalamu wa maji ya ardhini, na aliamini kwa dhati kwamba watu wengi wameumizwa na namba zilizokadiriwa ovyo.

Mwaka ule mgodi ulitaka kibali cha kuchimba chini zaidi. Shimo likishavuka kiwango cha maji, maji huliingia kutoka kila upande, na pampu hulazimika kuyatoa bila kupumzika. Maji hayo hayatoki hewani. Hutoka kwenye ardhi inayolizunguka shimo, na juu ya ardhi hiyo, kilomita mbili tu kutoka uzio wa mgodi, palikuwa na mtaa wa nyumba sitini na visima vifupi kumi na viwili vilivyochimbwa kwa mikono. Mamlaka ya maji iliweka sharti moja: ikithibitika kwamba pampu zimeshusha maji ya visima hivyo kwa zaidi ya mita moja, mgodi uvute bomba la kudumu hadi mtaani kabla ya kupewa kibali. Isipothibitika, hakuna bomba. Kampuni ya ushauri aliyoifanyia kazi Desimali ndiyo iliyopewa utafiti, na Desimali ndiye aliyepewa modeli. Yeye ndiye angesema imethibitika au haikuthibitika.

Kisima namba nne katika orodha yake kilikuwa cha shangazi yake.

Hakulificha jambo hilo. Alimweleza mkurugenzi siku ya kwanza kabisa, amesimama mlangoni na orodha mkononi: shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa na umri wa miaka tisa, na karo yake yote ilitokana na maji ya kisima hicho, kwa maana shangazi alikuwa akifulia shuka za zahanati. Mkurugenzi akacheka. "Vizuri zaidi. Nani atathubutu kusema umeupendelea mgodi?"

Modeli, kwa mtu asiyeijua, ni ardhi iliyochorwa ndani ya kompyuta. Hugawanywa miraba kwa maelfu, kila mraba ukapewa matabaka yake ya udongo na mwamba, na kila tabaka likaambiwa maji yapite ndani yake kwa wepesi gani. Hilo la mwisho hakuna anayelijua kwa hakika. Hukisiwa. Kisha modeli huendeshwa, na viwango vya maji ilivyovitabiri hulinganishwa na vile vilivyopimwa visimani. Visipolingana, mtaalamu hurekebisha kisio lake na kuiendesha tena, na tena, mpaka ardhi ya kwenye kompyuta ianze kuitii ile ya nje.

Vipimo vya visimani vililetwa na fundi mmoja mrefu, mkimya, ambaye watoto wa mtaa walimwita Bwana Pii. Alikuwa na utepe wenye kitufe cha chuma nchani. Aliuteremsha kisimani taratibu, na kitufe kilipogusa maji, kifaa kikalia piii, akasoma kina, akaandika. Alifanya hivyo kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, kwa muda wa mwaka mzima.

Ukivilinganisha vipimo vyake na vile vya zamani, vya kabla ya pampu, visima kumi na kimoja havikuwa vimeshuka hata nusu mita. Kimoja tu kilikuwa kimeporomoka, mita nne na sentimita sitini: namba saba, kisima cha fundi baiskeli mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bwana Sitaki, kwa sababu kila alichopewa alikikataa kwanza, akauliza baadaye.

Sasa, vipimo vyote havina heshima sawa. Mtaalamu huvipa uzito: anachokiamini hukipa uzito mkubwa ili modeli ijitahidi kukifuata, na anachokishuku hukipa mdogo, au hakipi kabisa. Desimali alitafakari siku mbili. Namba saba aliipa sifuri, akaandika pembeni: *Kisima kibovu, huenda kimeziba.* Namba nne aliipa uzito kuliko vyote. Alikijua kisima kile. Alijua idadi ya mapete yake ya saruji, na alimjua mwenyewe, mwanamke ambaye katika maisha yake hakupata kurudisha shuka ya mtu ikiwa na doa.

Modeli ikatii. Ili visima visishuke wakati pampu zinanguruma kilomita mbili tu kutoka hapo, ilibidi tabaka la udongo wa mfinyanzi lililo kati yao lisipitishe maji, liwe kama sahani ya udongo uliochomwa. Basi akaliandika hivyo. Kosa la modeli, yaani tofauti kati ya ilichotabiri na kilichopimwa, likashuka hadi wastani wa sentimita nane nukta tatu. Mkurugenzi aliita watu kutoka vyumba vingine waje kuutazama mchoro wa matokeo. Siku ya kikao cha wazi, Desimali alisimama mbele ya jopo la mamlaka, akaeleza kwa sauti yake ya upole kwamba pampu hazina athari ya maana kwa visima. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha mbele, kavaa kitenge kipya. Hakuelewa hata robo, lakini alipiga makofi kuliko wote.

Kibali kikatoka.

Miezi miwili baadaye Desimali alikwenda kumtembelea shangazi, Jumamosi, na mfuko wa machungwa mkononi. Jambo la kwanza aliloliona ni kamba za kuanikia: tupu, nne zote, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Ila usiniombe maji ya kunawa, nitakupa ya kunywa tu."

"Kwa nini? Na shuka ziko wapi?"

"Zahanati wamepeleka kwingine. Nitafulia nini, mate?" Shangazi akaupokea ule mfuko, akaketi juu ya beseni lililofudikizwa. "Nilikuwa nakungoja uje. Sikutaka kukusumbua kwa simu, najua una kazi za watu. Hebu waambie wenzako walirudishe gari."

"Gari gani?"

Shangazi akamtazama kama aliyeulizwa jua ni lipi. "Gari la maji, mama. La mgodi."

Desimali alilikumbuka gari hilo. Alipata kuliona mara moja akiwa kazini, lori jeupe lenye tangi, na katika daftari lake aliandika kwamba ni la kumwagia barabara ili kutuliza vumbi. Akaketi kwenye kizingiti. Akauliza taratibu, na shangazi akamjibu taratibu, kama wanavyozungumza watu wawili wanaosaidiana kukunja shuka moja.

Maji ya visima yalianza kupungua tangu mwaka juzi. Watu walipoanza kunung'unika, wakaja vijana wa mgodi wenye fulana za kijani, wa kitengo cha ujirani mwema, wakasema mgodi hautaki makuu na majirani. Lori litapita kila Jumatatu. Na kweli likapita. Lakini dereva wake hakuwa na muda wa kujaza ndoo za nyumba sitini. Alikuwa akitumbukiza mpira wa maji ndani ya kisima, anafungua, anaondoka.

"Ndani ya kisima," Desimali alirudia.

"Sasa tungeyaweka wapi? Nani ana tangi hapa? Mwanzoni yalikuwa yanazama, ukiamka asubuhi nusu yameondoka. Tukamwita fundi mwashi akatupigia plasta chini, kisima kwa kisima. Saruji nzuri kabisa. Baada ya hapo, hata tone halikupotea." Akasema hilo la mwisho kwa fahari kidogo.

"Na Bwana Pii alipokuja kupima, Jumanne?"

"Ah, yule!" Shangazi akacheka. "Yule tulimwogopa. Si alikuwa anatukagua?"

"Anawakagua nini?"

"Kama tunayatunza! Anateremsha kamba yake, anaandika, anaondoka bila salamu. Tukasema, huyu katumwa kuangalia nani anafuja, akikuta maji kidogo gari litakatwa. Basi tukapatana mtaa mzima: Jumanne ya mkaguzi hakuna kuteka mpaka apite. Wengine walikuwa wanaiba ndoo moja alfajiri, najua. Mimi kamwe. Mimi hata uso sikunawa. Nilijua ni watu wa ofisi yako, nikasema siwezi kumtia mwanangu aibu, aje asikie kisima cha shangazi yake ndicho kilichopungua."

Mezani palikuwa na barua. Shangazi aliichukua, akampa, kwa kuwa ndiyo aliyotaka kuombea msaada. Ilikuwa fupi na yenye adabu: kwa kuwa utafiti wa kitaalamu umebainisha kwamba shughuli za mgodi hazina athari kwa visima vya mtaa, huduma ya maji ya ujirani mwema imesitishwa. Chini yake palitajwa ripoti, namba yake, na jina la mwandishi.

"Nimeona jina lako hapo," shangazi akasema. "Ndiyo nikajua haitakuwa kazi kubwa kwako. Unawaambia tu."

Desimali akampigia simu Bwana Pii akiwa palepale kizingitini. Sauti ya upande wa pili haikushtuka. Ndiyo, aliona ardhi imelowa kuzunguka visima. Ndiyo, aliona mistari ya magurudumu. "Mhandisi, mimi niliajiriwa kuyapima," akasema. "Sikuajiriwa kuyauliza yametoka wapi." Kisha akaongeza: "Na wewe hukuniuliza."

Bwana Sitaki alikuwa chini ya paa la mabati mbele ya nyumba yake, kapindua baiskeli magurudumu juu. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kuhusu kisima chako, mzee."

"Kisima kibovu?"

Kumbe ripoti ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na kurasa za visima zilisomwa na kila mtu.

"Maji yao niliyakataa," Bwana Sitaki aliendelea, akizungusha gurudumu na kulisikiliza. "Niliwaambia, mkinipa maji leo mtanipa na sababu kesho. Wakaniona kichaa. Haya, kisima changu hakina plasta, hakina maji ya lori, hakina uongo hata punje. Kati ya visima kumi na viwili, ukakichagua hicho hicho ukakiita kibovu. Shule ulisoma miaka mingapi, binti?"

"Kumi na tisa."

"Na nukta ngapi?"

Alistahili, na alijua kwamba anastahili. Bwana Sitaki aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kamba ya ndoo begani. Akaitupa mchangani mbele ya miguu ya Desimali. Ilikuwa kamba ya katani kwa urefu wa mwanzo wake, na baada ya hapo ilikuwa vipande: cha manila, cha nailoni ya bluu, cha mkanda wa tyubu uliosokotwa. Kila kiungo kilikuwa kimefungwa kwa kiraka cha tyubu, na juu ya kila kiraka, kwa ncha ya msumari, umekwaruzwa mwezi na mwaka. Kila mara ndoo iliposhindwa kufika, alikuwa ameongeza kipande. Viraka tisa.

Desimali alipiga magoti, akatoa futi yake ya mkanda, akapima. Kutoka kiraka cha kwanza hadi ncha zilikuwa mita nne na sentimita sabini. Akarudia kupima, ingawa hakukuwa na haja.

"Chukua," Bwana Sitaki akasema. "Ila kwenye hiyo karatasi yako uandike pia nani aliyekosea. Usije ukasema *imebainika*."

Kwa usiku mbili Desimali aliiendesha modeli upya. Aliviondoa visima kumi na kimoja, akaipa namba saba uzito wote, akaulegeza ule udongo wa mfinyanzi hadi ukawa udongo wa kawaida wenye nyufa zake. Modeli ikafuata kamba ya fundi baiskeli kiraka kwa kiraka, na ikasema visima vyote vya mtaa vilikuwa vimeshuka kati ya mita nne na tano, na vingeshuka nyingine sita shimo likiongezwa kina. Akaandika maelezo ya kurasa kumi na nne. Sentensi ya kwanza ilikuwa: *Nilikosea.*

Mkurugenzi aliisoma hiyo sentensi, akaiweka karatasi chini kifudifudi. "Sisi tulipewa vipimo, tukavitumia. Vipimo ni vipimo. Unataka nimwambie mteja kwamba tumepima lori lake?"

"Ndiyo," akasema Desimali. "Ndicho tulichopima."

Aliyapeleka maelezo yale mamlakani mwenyewe, akaitwa na jopo lilelile, ukumbi uleule. Safari hii mgodi ulileta mwanasheria, mama mmoja mtaratibu aliyezungumza kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mhandisi, hivi visima vimepigwa plasta ya saruji chini. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Mgodi ndio uliopiga?"

"Hapana. Wenyewe."

"Basi maji ya ardhini yataingilia wapi?"

Desimali akaeleza kwamba shangazi yake alikwisha kumwita mwashi akaivunja plasta ya namba nne, na chini yake palikutwa udongo mkavu uliopasuka, picha zipo. Mwanasheria alizitazama picha kwa makini, hata akazisifu. Kisha akafungua ripoti ya kwanza ukurasa wa themanini na mbili, akasoma kwamba katika eneo hili kiangazi kikali chaweza kushusha maji ya visima vifupi kwa mita kadhaa. "Hayo ni maneno ya nani?"

"Yangu."

"Na maneno *kisima kibovu, huenda kimeziba*?"

"Yangu."

"Ahsante. Kwa hiyo leo tunaombwa tuache vipimo mia moja na thelathini na viwili vya kifaa, tufuate kamba moja ya ndoo." Hakuinua sauti. Kicheko kilitoka kwa watu wengine.

Desimali aliinua mkono akaomba neno. Alisema vile vipimo mia moja na thelathini na viwili vilikuwa rekodi ya lori la Jumatatu. Alisema watu wa mtaa hawakudanganya. Waliogopa kuonekana wafujaji. Mwenyekiti wa jopo alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akaandika. Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu: hoja mpya zitazingatiwa katika mapitio ya kibali, miaka mitano ijayo. Mwezi uliofuata Desimali alihamishiwa kitengo cha mitaro ya barabara, ambako maji yote yanaonekana kwa macho.

Shangazi aliendelea kukaa mtaani hadi mvua zilipokuja na kupita bila kisima kuinuka. Ndipo akakubali kuja kukaa kwa Desimali, ghorofa ya pili, chumba cha nyuma. Alikuja na beseni zake tatu na pasi ya mkaa. Siku za mwanzo hawakulizungumza jambo lile. Jioni moja, wakimenya viazi, shangazi ndiye aliyelianza.

"Ile modeli yako. Mimi nilikuwamo?"

"Ulikuwamo. Ulikuwa namba nne."

"Na ulikuwa unaniamini?"

Desimali aliendelea kumenya hadi ganda likakatika. "Nilikuamini kuliko wote, shangazi. Hapo ndipo yote yalipoharibikia."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole, kisha akaokota lile ganda lililoanguka. "Laiti ningalinawa uso," akasema.

Ripoti ya mwaka ya mgodi ilitoka mwezi uliofuata. Mwenzake wa zamani alimletea Desimali nakala, akaondoka haraka. Bwana Pii alikuwa bado anakwenda kila Jumanne ya kwanza, kwa kuwa kibali kilidai hivyo. Lakini katika visima vingi kifaa chake hakikulia tena, na kisima kisicho na maji hakina namba ya kuingizwa kwenye jedwali. Visima vikavu vilikuwa vimeondolewa kimoja kimoja, kwa maelezo yaleyale: *hakuna data*. Vilibaki viwili, vyote upande wa mbali, karibu na bwawa ambalo mgodi humwagia maji ya pampu. Modeli bado ilikuwa ya Desimali, na udongo wa mfinyanzi bado ulikuwa sahani. Kosa la wastani lilikuwa limeshuka hadi sentimita tano nukta moja, na mwandishi aliita hilo maboresho.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Jikoni beseni tatu zilikuwa zimejaa hadi ukingoni, jinsi shangazi alivyozijaza kila Jumatatu tangu ahamie, ingawa bomba lilikuwa hapohapo ukutani na halikuwahi kukatika. Desimali alichukua kikombe achote maji ya kupigia mswaki.

"Ngoja mkaguzi apite," shangazi akasema kutoka chumbani.

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na mbili. Desimali akakirudisha kikombe mahali pake, akaketi, akangoja.